Afyuni Tuliyozaliwa Nayo

Jumatatu, 10 Januari 1977

Likizo imekwisha, nguruwe wameanza tena kuchinjwa, nami nimerudi kazini. Saa moja asubuhi, bado giza, nilikuwa mlangoni pa machinjio na chupa zangu tatu za dawa ya kuhifadhia. Dod Mowat, niliyesoma naye darasa moja na ambaye hajafunga mdomo tangu siku zile, alikuwa ananisubiri na aproni yake ya mpira.

"Dada Bell, umekuja kuchukua akili tena? Zile za mwaka jana mmezimaliza?"

"Safari hii sitaki ubongo. Nataka ule ugwe mweupe unaopita ndani ya mifupa ya mgongo."

"Chukua miwili basi. Mmoja mpelekee Wattie, labda atanyanyuka kwenye kiti."

Nilicheka. Kwenye basi nikajiuliza kwa nini nilicheka kwa raha vile. Wattie ni mume wangu. Miaka minne iliyopita msumeno wa karakana ya mawe ya itale ulimkata mkono wa kushoto, pale penye kifundo. Tangu hapo yuko nyumbani, na anasema vidole vinamuuma. Vidole vile visivyokuwepo.

Nimelinunua daftari hili kwa sababu Dokta Una, mtafiti ninayemfanyia kazi maabarani, anaandika kila kitu, na nimechoka kuwa mtu pekee wa chumba kile asiyeandika.

Jumanne, 11 Januari

Theluji. Nimekata vipande sitini vya ugwe, vizuri hamsini na vinne.

Jumamosi, 15 Januari

Wattie aliamka na vidole vyake. Hakugusa uji. Alikaa na kile kigutu amekibana kwapani, macho kafumba, na mimi nikiosha vyombo kwa kelele kubwa kuliko ilivyohitajika. Saa nane mchana akaenda baa kucheza dhumna na Eck na wenzake. Baadaye nilipita kumpelekea ufunguo aliousahau, nikamkuta anabamiza kete mezani kwa mkono wa kulia na kucheka hadi machozi.

Aliporudi nikamuuliza, "Vidole vinaendeleaje?"

"Vilitulia kidogo."

Kabla chai haijachemka vilikuwa vimeanza tena. Miaka minne ya hivi.

Alhamisi, 20 Januari

Leo nimeona, na lazima niandike vizuri.

Dokta Una Leith ana vyumba viwili ghorofa ya juu ya jengo la tiba, na dirisha linalotazama bahari ambayo hatuioni kwa ukungu. Ana miaka thelathini na sita, hana mume, hana subira, na anakula mkate wake amesimama. Aliniajiri miaka miwili iliyopita. Vyeti sina. Nilikuwa nimepasua samaki pale sokoni miaka ishirini na tisa, minofu upande huu, mifupa upande ule, na yeye alikuwa amepita kununua samaki akasimama kunitazama mikono. Sasa nakata mishipa ya fahamu ya nguruwe kwenye mashine yenye baridi, vipande vyembamba ambavyo ukivipulizia pumzi vinapotea.

Kitu tunachokitafuta ni afyuni. Si ile ya maua. Ni ile ambayo mwili unajitengenezea wenyewe, vijinyuzi vidogo mno vinavyofanya kazi ya mofini bila mtu kuchomwa sindano. Kwamba ipo, iligunduliwa katika mji huu huu, kwenye jengo jingine, na watu wakubwa kuliko sisi. Kazi yetu ni ndogo zaidi: kujua inakaa wapi. Dokta anamchoma sungura kitu hicho, damu ya sungura inajifunza kukitambua, kisha maji ya damu ile, yaani seramu, tunayamwaga juu ya vipande vyangu pamoja na rangi inayong'aa. Palipo na kitu, panang'aa kijani.

Leo akanisogezea kiti mbele ya hadubini. "Tazama, Bi. Duguid. Ni mikono yako hiyo."

Ugwe wa mgongo ukiukata kama mkate, katikati unaona umbo kama kipepeo. Mabawa mawili nyuma, mawili mbele. Kwenye ncha za mabawa ya nyuma, na hapo tu, palikuwa na vumbi la kijani, vitone vingi kama umande kwenye majani.

"Pale ndipo maumivu yanapoingilia," Dokta akasema. "Ukijikata kidole, habari inapanda mkononi mpaka kwenye ncha ile, ndipo inaendelea kichwani. Na mlangoni pale pale imekaa afyuni."

"Kama bawabu."

"Labda. Tunajua anapokaa. Anachofanya hatujui."

Nilitazama mpaka jicho likatoka machozi.

Ijumaa, 21 Januari

Vipande arobaini. Ukungu. Supu ya viazi.

Jumamosi, 29 Januari

Tumegombana, mimi na Wattie. Alikuwa amelala tangu asubuhi, akakataa kunishikia ngazi nitundike mapazia, mara saa nane ilipogonga akavaa koti.

Nikasema, "Mkono wako una adabu sana, Wattie. Hauumi mbele ya dhumna."

Alisimama mlangoni. Wattie si mtu wa kujibu haraka. "Wadhani nachagua?"

"Sijui. Nakutazama tu."

"Unanitazama," akasema, "kama msimamizi wa karakana." Akaenda.

Jumatano, 2 Februari

Seramu ya sungura wa kwanza imekwisha. Kuanzia kesho tutatumia ya sungura wa pili. Mvua ya barafu. Mwenye nyumba wa jirani amewapangisha watu wa mafuta ya baharini, sasa kuna magari matatu mbele ya mlango wetu.

Jumatano, 9 Februari

Seramu mpya ina nguvu. Zile ncha za nyuma zinang'aa kama kwanza, lakini sasa hata mabawa ya mbele yamewaka. Kule zipo seli kubwa zinazoendesha misuli, na kila moja imejaa kijani kama taa.

Dokta Una alitazama kipande cha kwanza, cha pili, cha tano. Kisha akaenda dirishani akaegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Huku mbele hakuna aliyewahi kuiona, Bi. Duguid. Hakuna."

Mkutano mkubwa ni mwezi wa nne, na muhtasari unatakiwa kabla ya Jumanne. Nikamuuliza kuhusu jaribio la kushibisha, lile la kuhakiki kama kijani ni cha kweli, maana kwa sungura wa kwanza hatukuwahi kuliacha.

"Tutalifanya baadaye. Kuna watu ng'ambo wanakimbilia jambo hili hili."

Jumatatu, 14 Februari

Muhtasari umekwenda posta. Dokta ameleta keki na kuila amekaa. Sikumbuki kumwona amekaa akila.

Alhamisi, 17 Februari

Wattie ana hali mbaya siku ya tatu leo. Vidonge alivyopewa ni hafifu, na sababu ya kuwa hafifu ni mimi. Sijawahi kusema hivyo kwa mdomo. Nitaiandika hapa.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, nilimsindikiza kwa daktari wetu wa mtaa. Wattie alitoka kwanza akavae koti lake, maana huchukua muda kwa mkono mmoja. Daktari akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bi. Duguid, wewe ndiye unayeishi naye. Mkono unamuuma wakati wote?" Nami nikajibu, "Haumuumi anapocheza dhumna." Nilisema na kicheko kidogo, kama tunavyotaniana na Dod. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu. Wiki iliyofuata Wattie akapunguziwa dawa, akaambiwa maumivu yake yamo akilini mwake tu, ajishughulishe.

Nilijiambia nimesema kweli. Ilikuwa kweli. Lakini tangu nilipoona vile vitone vya kijani vimekaa mlangoni, nimekuwa nikijiuliza nilijua nini hata nikajibu.

Jumamosi, 19 Februari

Upepo umeng'oa kifuniko cha bomba la moshi. Wattie hakwenda dhumna.

Jumanne, 22 Februari

Dokta Una alikuwa akifundisha siku nzima. Nilibakiwa na vipande kumi na viwili vizuri visivyo na kazi, na samaki mzuri hatupwi. Nikafanya jaribio la kushibisha.

Dokta mwenyewe ndiye aliyenieleza mwanzoni, kwa namna ambayo hata mimi nilielewa. Seramu ni kama mbwa aliyefundishwa harufu ya kitu kimoja. Sasa, kabla ya kumfungulia, mlishe kitu hicho hicho mpaka ashibe. Mbwa aliyeshiba hatafuti tena. Ukimwaga seramu iliyoshibishwa juu ya kipande, kijani chote cha kweli lazima kizimike. Kikibaki, mbwa alikuwa akibwekea kitu kingine tangu mwanzo.

Niliosha sita vya kwanza, nikavipaka seramu iliyoshibishwa, nikangoja, nikazima taa ya chumba nikaketi.

Ncha za nyuma zilizimika. Giza tupu, kama inavyotakiwa.

Mabawa ya mbele yaliwaka vile vile. Zile seli kubwa, kila moja na taa yake, hazikupungua hata kidogo.

Nilifanya vipande sita vilivyobaki. Ikawa hivyo hivyo. Niliwasha taa nikakaa na mikono mapajani. Nilifikiria keki. Nilifikiria pia kwamba ningeweza kuvitupa vioo vile vyenye vipande kwenye ndoo na hakuna mtu duniani ambaye angejua, kwa kuwa hakuna aliyenituma. Kisha nikaviandika jina na tarehe, nikaviweka kwenye sanduku lake juu ya meza.

Jumatano, 23 Februari

Dokta alivitazama vioo akiwa bado na koti.

"Nani alikuambia ulifanye?"

"Hakuna, Dokta. Kulikuwa na vipande."

"Hukuchanganya vizuri."

"Nimechanganya kama siku zote. Nyuma pamezimika."

"Au seramu ilikaa nje ya jokofu."

Nilichukua beseni la vioo vichafu.

"Bi. Duguid," akasema, polepole, kama mtu anayepanga vyombo, "wewe kazi yako ni kukata. Kusoma ni kazi yangu."

"Ndiyo, Dokta."

Nilikwenda kuosha vioo. Maji yalikuwa ya baridi na sikujali. Kule sokoni msimamizi aliwahi kunirushia kichwa cha samaki, na sikuumia hivi.

Alhamisi, 24 Februari

Hatukusemezana ila kuhusu vipande.

Ijumaa, 25 Februari

Vile vile. Theluji imeyeyuka na mji mzima ni rangi ya kijivu, ukuta na barabara na mbingu.

Jumapili, 27 Februari

Wattie akaniuliza kuna nini kazini. Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umefanya vyema. Mtu akikuonyesha jiwe lina ufa, unamshukuru, hata kama umeshalisugua wiki nzima." Akaongeza, "Ila si siku hiyo hiyo."

Nilitaka kumwambia jambo jingine hapo hapo. Nikasimama kuweka makaa.

Alhamisi, 3 Machi

Nilipofika asubuhi Dokta Una alikuwa ameshafika, mikono ina rangi mpaka kwenye vifundo. Kwa siku tatu, mimi nikiondoka, amekuwa akifanya jaribio lile mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu.

"Mbwa ameshiba," akasema, "na bado anabweka."

"Mara ngapi, Dokta?"

"Mara tatu. Mara ya tatu nilikata vipande mwenyewe, nikitumaini kosa ni lako." Akanionyesha vipande vyake. Vilikuwa vibaya sana, vimejikunja kama magamba. Nikasema hivyo, na yeye akacheka kidogo, kisha akafunika uso kwa mikono yenye rangi.

"Nilikusemesha vibaya wiki ile."

"Yamepita."

"Hayajapita. Nilikuwa nimeshaliona lile bawa la mbele likiwa na jina langu." Akavuta karatasi. "Nitaandika barua leo niufute muhtasari."

Nilimtengenezea chai. Hakusema asante, alishika tu kikombe kwa mikono miwili.

Jumanne, 8 Machi

Watu wa mkutano wamejibu. Tunaweza kuleta ramani ndogo, zile ncha za nyuma peke yake, kwenye ubao mmoja wa maonyesho wa kona. Dokta alisoma barua yao mara mbili.

"Umewahi kuandika neno 'nilikosea', Bi. Duguid, chini yake jina lako?"

"Hapana, Dokta."

"Ni fupi kuliko unavyodhani. Lakini kalamu haitaki."

Maneno hayo nimekuja nayo nyumbani, na hayaniachi nipike kwa amani.

Jumamosi, 12 Machi

Mvua. Baa imefungwa kwa ajili ya mazishi ya mama yake Eck, kwa hiyo Wattie alikuwa jikoni na mimi saa ya dhumna. Nilikuwa namenya viazi. Nikaweka kisu chini.

"Wattie, dawa zako zilipunguzwa kwa sababu yangu."

Akageuka kwenye kiti chake.

Nikamwambia yote: chumba kile, sauti ya chini ya daktari, jibu langu, na kicheko changu. Kicheko ndicho kilikuwa kigumu zaidi kukisema.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Nje. Unavaa koti."

Alisugua ukingo wa meza kwa kiganja. "Mwaka mmoja na nusu," akasema, "nimekuwa nikidhani yeye mwenyewe alinitazama akaona mimi mwongo. Nikawa najitazama kwenye kioo. Nilikuwa nataka kujua ameuona wapi uwongo huo."

"Nilikosea, Wattie."

"Ndiyo." Alisimama. "Ulikosea."

Akatoka kwenda bandani uani na mvua yote ile. Kupitia dirisha niliona mgongo wake tu. Nilimaliza viazi kwa sababu vilikuwa vimeshamenywa nusu.

Jumapili, 13 Machi

Hajasema neno.

Jumatatu, 14 Machi

Nimekata vipande thelathini. Nane tu ni vizuri. Dokta amenitazama na hakuuliza.

Jumanne, 15 Machi

Wattie alinisogezea chumvi kabla sijaiomba. Hakuna zaidi.

Alhamisi, 17 Machi

Asubuhi, nikifunga kitambaa kichwani, nikasikia sauti yake nyuma yangu.

"Hicho kitu unachokitazama huko. Mtu anaweza kukiona?"

Tukapanda basi pamoja. Nilikuwa na wasiwasi na Dokta, maana hapendi wageni, lakini alimpa Wattie mkono, akamvutia kiti, na kuzima taa mwenyewe. Alimwonyesha gurudumu dogo la hadubini linaloifanya picha ionekane vizuri. Wattie aliinama. Mkono wake mkubwa wa mchonga mawe ulizungusha gurudumu lile kwa upole ambao nilikuwa nimeusahau tangu siku za posa.

Alisogeza jicho, akazungusha tena.

"Ile kijani ndiyo afyuni?"

"Ndiyo, Bwana Duguid," Dokta akasema.

"Ya nguruwe."

"Ya nguruwe. Nawe unayo. Kila mtu anayo, mahali hapo hapo, na kwingine: ndani ya ubongo, hata kwenye matumbo."

"Basi yangu imelala."

"Sijui. Nisikudanganye. Najua inapokaa, sijui inaamka lini wala nani anaiamsha."

Hakuondoa jicho kwenye hadubini. "Nikicheza dhumna, maumivu yanaondoka. Si kwamba nayasahau. Yanaondoka. Nikirudi nyumbani yanarudi. Ni hiyo?"

"Inawezekana. Siwezi kuapa."

"Lakini mtu anaweza kuumia asubuhi, asiumie mchana, aumie tena jioni, na asiwe mwongo."

"Hilo," Dokta Una akasema, "naapa."

Wattie akainua kichwa. Hakunitazama mimi, alitazama ukuta wenye ramani zetu. Jicho lake la kulia lilikuwa na alama ya duara ya hadubini. Nilitoka kwenye korido nikasimama karibu na majokofu mpaka niliposikia wanaongea habari za itale, kwamba jengo lile limejengwa kwa mawe mabaya.

Kwenye basi akasema, "Tutakwenda kwa daktari. Wewe na mimi. Utamwambia."

"Nitamwambia."

"Na mimi sitatoka nje."

Ijumaa, 18 Machi

Jarida limefika kutoka ng'ambo. Wametutangulia. Ncha za nyuma, kama zetu, kitone kwa kitone, na mbele kwao ni giza. Nilidhani Dokta ataumia. Akaweka picha yao kando ya yetu, akasema, "Zinafanana," kwa sauti ya mtu aliyepokea barua kutoka nyumbani.

Alhamisi, 24 Machi

Kwa daktari. Ni yule yule, nywele zimepungua. Wattie alikaa kiti cha mbele na mimi pembeni.

Nilikuwa nimejipangia maneno marefu yenye ugwe na ncha na bawabu. Yote yalinitoka. Nikasema, "Daktari, mwaka juzi uliniuliza kama mkono wa mume wangu unamuuma wakati wote, nami nikajibu kwa mzaha. Nilikosea. Sikuwa najua chochote. Ulipaswa kumuuliza yeye."

Daktari alivua miwani. Nilidhani atakasirika. Alifungua faili, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akakuta, nadhani, maneno yangu katika mwandiko wake.

"Ndiyo," akasema. "Nilipaswa." Kisha akageuza kiti chake chote kumwelekea Wattie. "Hebu niambie, Bwana Duguid."

Wattie alimwambia. Nilisikia nusu tu, nikitazama faili lile. Amepewa vidonge vingine, na barua ya kwenda hospitali kuu, ambako kuna mtu anayeshughulika na maumivu ya viungo vilivyokatwa. Huenda asiweze kitu, daktari amesema wazi. Miadi ni mwezi wa tano.

Tukala samaki na viazi kwenye karatasi, tumesimama kwenye upepo, kama vijana.

Jumamosi, 26 Machi

Jua, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Wattie amekwenda dhumna. Nilimwambia ashinde. Akasema Eck anaficha kete kwenye soksi.

Jumapili, 27 Machi

Vidole vimemwamsha mapema leo. Vidonge vipya vinapunguza, haviondoi. Nilipoleta chai alikuwa amekaa kitandani, kigutu kwapani kama kawaida. Nilianza kugeuka niende kwenye vyombo vyangu. Nikarudi nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Vinakuuma vipi?"

Akanitazama kuona kama nauliza kweli.

"Kidole gumba," akasema, "kimeingia ndani ya kiganja na vingine vimekifunika, vimebana. Kucha zinazama. Nataka kukunjua na hakuna cha kukunjua."

"Vyote vinabana sawa?"

"Hapana. Cha shahada ni moto. Kama kimeshika bomba la mvuke na hakiachii. Cha kati ni mchonyoto, ule wa theluji, ukirudi ndani." Alifikiri. Hajawahi kuulizwa, kwa hiyo ilimbidi aende kutazama. "Cha pete kinapiga. Tuk, tuk. Kinafuata moyo."

Nilimpa kikombe cha chai mkononi.

"Na kile kidogo?"

"Cha mwisho?" Wattie karibu atabasamu. "Hicho hakina neno. Hakijawahi kuuma hata siku moja. Kipo tu pale, kimetulia, kama mtoto aliyelala."

Miaka minne nimelala kitanda kimoja na mtu huyu, na sikujua kwamba kimoja hakiumi.